Dira Iliyo Ndani ya Simu: Inafanyaje Kazi Mahali Pasipo na Mtandao?



Neno "dira" limezoeleka sana katika vikao vyetu. Kila mpango mkakati unaoletwa mezani huanza na "Dira na Dhamira", na tangu Julai 2025 taifa letu lina Dira ya Maendeleo 2050. Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya dira yenyewe, ile inayoonyesha kaskazini. Siku hizi wengi wetu tunaibeba mfukoni ndani ya simu bila kujua inavyofanya kazi, na kutokujua huko kumewahi kutugharimu.

Agosti 2023 tulisafiri watu wanne, yaani wahudumu wawili wa idara yetu, katekista mmoja na fundi wa kupima maji ardhini, kwenda kitongoji kimoja kilicho ndani ya misitu ya miombo. Gari lilifika mwisho wa barabara saa nane mchana. Kutoka hapo palibaki mwendo wa kilomita nne hivi kwa miguu. Aliyetutangulia katika ziara ya kwanza alikuwa ametuandikia kwenye karatasi: kutoka kwenye mkuyu mkubwa, shikeni magharibi kamili, nyuzi 270. Njia za ng'ombe zilikuwa nyingi, kila moja ikienda kwake, kwa hiyo tulifungua dira ya simu tukaufuata mshale. Simu ile ilikuwa na uwezo wa kutuonyesha pia mahali tulipo, lakini huduma hiyo tulikuwa tumeizima, tukiamini kwamba pasipo bando haina kazi na itatumalizia chaji bure.

Saa kumi na nusu tulimkuta mzee mmoja akirina asali. Tulimwamkia, tukamweleza tunakokwenda. Alitutazama kwa mshangao. "Wanangu, huko ni magharibi. Jua lilipaswa kuwapiga usoni. Mbona liko begani kwenu, upande wa kulia?"

Tulikuwa tumepotea kwa zaidi ya kilomita tatu. Kwa msaada wake tulifika saa mbili usiku. Watu walikuwa wametungoja tangu mchana, wakiwemo wazee na akina mama wenye watoto wachanga, na wengi walikwisha kurudi makwao. Fundi hakuweza kuchagua mahali pa kisima gizani, na alfajiri ilimlazimu kuondoka kwenda kwenye kazi nyingine aliyokwisha kuahidi. Alirudi baada ya masika. Kitongoji kile kiliendelea kuchota maji ya mtoni msimu mwingine mzima.

Baadaye kamati ilikaa na kuandika katika muhtasari wake kwamba simu "zinadanganya", na zisitumike tena porini. Wakati ule hatukuwa na hoja ya kupinga. Leo tunayo. Simu ilipima ilichokikuta, ila sisi hatukujua ni kitu gani kilichokuwa kimekaa karibu nayo.

Kazi mbili, vyombo viwili

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, nasi tuliyachanganya. Kuna dira, ambayo hujibu swali moja tu: nimeelekea wapi? Halafu kuna kipokezi cha setelaiti, ambacho wengi hukiita GPS, kinachojibu swali jingine: niko wapi? Mtu anaweza kujua kwamba ameelekea kaskazini na asijue kama yuko Iringa au Tabora. Vilevile anaweza kujua amesimama hasa mahali gani na asijue ageukie upande upi ili aanze kutembea.

Vyombo hivi viwili viko ndani ya simu moja, lakini havitegemeani, na kila kimoja hukosea kwa namna yake. Jambo la kufurahisha ni kwamba vyote viwili havihitaji intaneti, wala bando, wala hata laini ya simu. Kinachohitaji mtandao ni ramani, nayo inaweza kuhifadhiwa ndani ya simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Dunia ni sumaku

Dira ya zamani, kama ile waliyotumia manahodha wa majahazi ya pwani, ni sindano ya sumaku iliyowekwa juu ya ncha ili izunguke bila kizuizi. Dunia yenyewe ni sumaku kubwa, kutokana na mwendo wa chuma kilichoyeyuka ndani kabisa ya ardhi. Sindano hujipanga kufuata sumaku hiyo, basi ncha yake moja ikaelekea kaskazini.

Katika simu hakuna sindano. Mshale unaouona kwenye kioo ni picha tu. Kinachofanya kazi ni kihisi, yaani kifaa kidogo cha kutambua, ambacho hakizidi punje ya mchele kwa ukubwa. Katika simu nyingi kihisi hiki hutumia jambo lililogunduliwa mwaka 1879 na mwanasayansi Mmarekani, Edwin Hall. Yeye aliona kwamba umeme unapopita katika bamba jembamba lililo karibu na sumaku, husukumwa upande mmoja wa bamba, na kusukumwa huko kunaweza kupimwa. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, umeme husukumwa zaidi. Simu nyingine hutumia madini ambayo hubadilisha wepesi wake wa kupitisha umeme yakiwa mbele ya sumaku. Njia zinatofautiana lakini lengo ni lile lile. Vihisi hivi vilianza kuonekana katika simu za kawaida mwaka 2008, simu ya kwanza ya Android ilipotoka nacho, na mwaka 2009 iPhone 3GS ikafuata.

Kwa kweli ndani ya kihisi kuna vipimo vitatu: kimoja hupima sumaku kwa urefu wa simu, cha pili kwa upana wake, na cha tatu kwa unene, yaani kutoka mgongoni hadi kwenye kioo. Simu huchukua vipimo hivyo vitatu, ikapiga hesabu, ikapata upande ambao sumaku ya dunia inavuta. Hufanya hivyo mara nyingi kwa sekunde moja.

Nguvu inayopimwa ni ndogo mno. Kipimo chake huitwa maikrotesla, na juu ya uso wa dunia ni kati ya 25 na 65. Huku kwetu Afrika Mashariki tuko upande wa chini wa kipimo hicho, yaani 30 na kitu tu. Msomaji aukumbuke udogo huu, kwa maana ndio chanzo cha karibu matatizo yote tutakayoyaeleza.

Aidha, nguvu hiyo hailali sambamba na ardhi. Katika nchi za Ulaya huzama kuelekea ardhini. Huku kwetu huinuka kuelekea juu, na katika maeneo mengi ya Tanzania huinuka kwa takriban nyuzi 30 au zaidi. Kwa sababu hiyo simu ikiinamishwa kidogo, hesabu huharibika. Ndipo kinapoingia kihisi cha pili, kile kinachojua upande wa chini ni upi (ndicho hicho hicho kinachogeuza picha unapolaza simu). Simu hutumia taarifa yake kuondoa athari ya mwinamo. Simu za bei ya juu zina pia kihisi cha tatu cha kutambua mzunguko, ambacho husaidia mshale kugeuka bila kutetemeka. Hata hivyo, ukiishika simu ikiwa imelala sawa kama sahani ya chakula mkononi, unaipunguzia kazi.

Hapa tunaomba kusema neno kwa wafadhili wetu. Wapo wanaotuma dira za sindano kama zawadi, nasi tunashukuru sana, kwani hazihitaji chaji. Lakini dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikifika kwetu, sindano yake huinama kwa sababu hiyo tuliyoieleza, mara nyingine hadi ikagusa kioo na kukwama. Tafadhali ulizeni dukani dira iliyotengenezwa kwa ukanda wetu, au ile inayofaa dunia nzima.

Kilichotupoteza

Simu ya mhudumu wetu ilikuwa na kava la kukunja, lile linalofungwa kwa kishikizo cha sumaku. Ni kava zuri, linalinda kioo na kubeba vitambulisho. Lakini sumaku ile ndogo, ikiwa sentimita chache kutoka kwenye kihisi, inaweza kuizidi sumaku ya dunia mara nyingi sana.

Mtu atauliza: je, simu haiwezi kurekebishwa? Inaweza. Wengi wenu mmewahi kuona simu ikiomba izungushwe hewani kwa umbo la namba nane. Wengine hufikiri ni mchezo. Sababu yake ni hii. Ukiigeuza simu kila upande mahali penye sumaku ya dunia peke yake, vipimo vyote vikikusanywa huwa kama mpira ambao kitovu chake kipo kwenye sifuri. Kama ndani ya simu kuna kitu chenye sumaku, kwa mfano spika, mpira huo husogea pembeni. Simu hutazama mpira umesogea kiasi gani, ikakumbuka, na kuanzia hapo huondoa kiasi hicho katika kila kipimo.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ina sharti moja: kitu chenye sumaku lazima kikae palepale, kikizunguka pamoja na simu. Spika haihami. Kishikizo cha kava kinahama. Sisi tulizungusha namba nane asubuhi, kava likiwa limefunguliwa na mfuniko wake unaning'inia pembeni. Mchana, ili kuishika simu vizuri, mfuniko ulikunjwa ukalazwa mgongoni mwa simu, na kishikizo kikasogea karibu na kihisi. Tuliporudi ofisini tulijaribu tena juu ya meza ya mbao, kwanza bila kukunja, kisha kwa kukunja. Mshale uliruka karibu nyuzi 50. Kwa mwendo wa kilomita nne, kosa la nyuzi 50 hukupeleka zaidi ya kilomita tatu kutoka ulipokusudia. Hata kosa la nyuzi 10 tu, kwa umbali huo huo, hukuacha karibu mita 700 kando, na katika miombo mita 700 zinatosha kukipita kijiji bila kusikia jogoo wake.

Sharti hilo linaeleza pia kwa nini namba nane haisaidii dhidi ya vitu vilivyo nje ya simu. Ukisimama kando ya gari au pikipiki, chuma chake hupindisha sumaku ya mahali hapo. Ukizungusha simu hapo, unaifundisha kosa, halafu unaondoka nalo. Tumeona waendesha bodaboda wakifunga simu kwenye usukani na kushangaa mshale unapocheza. Mambo ni hayo hayo chini ya paa la mabati, ndani ya jengo la zege lenye nondo, karibu na nyaya kubwa za umeme, juu ya daraja la chuma, au mkono ulioshika simu ukiwa umevaa saa yenye sumaku. Nenda hatua 20 au zaidi kutoka kwenye gari, pale penye udongo na majani, kisha ndipo uzungushe.

Mara chache kosa hutoka ardhini kwenyewe. Huko Liganga, wilayani Ludewa, kuna mwamba wenye chuma cha asili ya sumaku kwa wingi. Mahali pa namna hiyo dira yoyote, iwe ya sindano au ya simu, haiaminiki. Namna ya kutambua ni kusoma mshale, kutembea hatua hamsini kuelekea alama unayoiona mbali, kisha kusoma tena kuelekea alama ile ile. Kama namba zimebadilika sana, mwamba ndio unaosema.

Kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani

Jambo hili huwatisha watu kuliko linavyostahili, angalau huku kwetu. Sumaku ya dunia haielekei hasa kwenye ncha ya kaskazini ambayo ramani huifuata. Ncha ya sumaku ilifikiwa mara ya kwanza mwaka 1831 na James Clark Ross katika Aktiki ya Kanada, na tangu wakati huo imekuwa ikihama, siku hizi kuelekea upande wa Siberia. Tofauti kati ya kaskazini hizo mbili hutegemea mahali. Mjini Cape Town ni takriban nyuzi 25. Kwetu Tanzania na Kenya ni nyuzi chache tu, na kwa mwendo wa miguu wa kilomita mbili tatu mtu hatapotea kwa ajili yake.

Simu inaweza kuondoa tofauti hiyo yenyewe, mradi inajua iko wapi, kwa kutumia hesabu za sumaku ya dunia ambazo wataalamu wa Marekani na Uingereza huzitoa upya kila baada ya miaka mitano. Za karibuni zilitolewa Desemba 2024. Kwa hiyo ukizima huduma ya mahali, simu hukupa kaskazini ya sumaku. Ukiiwasha, inaweza kukupa kaskazini ya ramani. Kinacholeta fujo ni watu wawili kupeana namba, mmoja akitumia hii na mwingine ile. Kubalianeni kabla ya safari.

Tukiwa hapo hapo, majirani zetu Waislamu wa pwani wana kipimo ambacho hata sisi tumekitumia. Makka na Mombasa ziko karibu katika mstari mmoja wa ramani, basi kibla katika misikiti ya pwani yetu huelekea karibu kaskazini kamili. Msikiti wa zamani uliojengwa vizuri ni dira isiyokwisha chaji.

Setelaiti bila bando

Mwenyekiti mmoja wa kamati alituuliza katika semina: "Bila bando, simu itajuaje iko wapi?" Ni swali zuri, na jibu lake lingeokoa safari yetu.

Setelaiti za GPS huzunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 20,200, nazo hutangaza kama redio: saa yangu ni hii, nami niko mahali hapa. Simu husikiliza tu. Haitumi kitu chochote kwao, kama vile redio yako ya nyumbani haitumi kitu chochote kwa mtangazaji, na hakuna anayelipia kusikiliza. Simu ikipata sauti za setelaiti nne au zaidi, hulinganisha muda ambao kila mawimbi yalitumia njiani na kupata mahali ilipo. Simu za sasa husikiliza pia setelaiti za Urusi, za Ulaya na za Uchina. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa matangazo yaliyo wazi kwa raia, hata kosa likafikia mita 100. Siku hizi, chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea mita tano hivi.

Mtandao unasaidia jambo moja, nalo ni haraka. Kukiwa na mtandao, simu hupakua taarifa za mahali setelaiti zilipo kwa sekunde chache. Pasipo mtandao, lazima izisikilize kutoka kwa setelaiti zenyewe, ambazo husema polepole sana na kurudia taarifa hizo kila sekunde 30. Simu ambayo haijatumika hivyo kwa muda mrefu, au iliyosafirishwa mbali ikiwa imezimwa, inaweza kuchukua dakika kadhaa, na hata zaidi ya kumi. Watu wengi hukata tamaa baada ya dakika moja na kusema "imekataa". Simameni pa wazi, mbali na miti mikubwa na kuta za makorongo, mkaisubiri. Ikishapata mara ya kwanza, huendelea vizuri.

Kuhusu chaji, kinachoimaliza haraka mahali pasipo na mtandao ni simu kuhangaika kuutafuta. Weka simu katika hali ya ndege. Katika simu nyingi kipokezi cha setelaiti na dira huendelea kufanya kazi, ingawa bila shaka hutaweza kupigiwa.

Kabla ya kamati kununua simu

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Simu nyingi za bei nafuu hazina kihisi cha sumaku kabisa. Zina kipokezi cha setelaiti, zina ramani, hata mshale zinao, lakini mshale huo hautokani na sumaku. Simu hutazama ulikuwa wapi sekunde chache zilizopita na uko wapi sasa, ikakisia kwamba umeelekea huko. Ukitembea vizuri, mshale ni sahihi. Ukisimama kwenye njia panda, ndipo hasa unapouhitaji, mshale hubaki ulipokuwa au huanza kuyumba.

Kujaribu ni rahisi. Toka nje ya duka, mbali na mabati, fungua programu ya dira, kisha jizungushe taratibu ukiwa umesimama palepale. Mshale ukizunguka na kurudi ulipoanza, kihisi kipo. Usipogeuka, au programu ikikataa kufunguka, hakipo. Hatusemi simu isiyo nacho isinunuliwe. Kwa kazi ya kuandika mahali pa visima na nyumba za wagonjwa inatosha kabisa. Mwenye nayo akifika njia panda atembee hatua 20 au 30 kwa mstari ulionyooka katika njia mojawapo, halafu atazame kama alama yake inakwenda anakotaka.

Ramani isiyo na kijiji chako

Programu kama Organic Maps na OsmAnd hukuwezesha kuhifadhi ramani ya mkoa au nchi nzima ndani ya simu, na hata Google Maps huruhusu kuhifadhi eneo. Mbili za kwanza hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo kitongoji ambacho hakuna aliyekichora, hakipo. Simu itakuonyesha kwa usahihi wa mita tano kwamba umesimama katikati ya uwanja mtupu.

Hilo si jambo dogo. Huko Serengeti, mkoani Mara, wanaharakati wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji walipata shida kuzifikia nyumba usiku kwa sababu vijiji havikuwemo katika ramani yoyote. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umewakusanya watu wa kujitolea wa nchi nyingi, ambao hukaa kwenye kompyuta zao na kuchora barabara na nyumba kutokana na picha za setelaiti, kisha wenyeji wakaongeza majina ya vijiji, shule na zahanati kwa kutumia simu. Ramani hizo huhifadhiwa na kutumika pasipo mtandao. Kati ya wafadhili wanaotuuliza wanaweza kusaidia nini zaidi ya fedha, tumewaomba wengine wachore. Nazo kamati za parokia zinaweza kuongeza majina, maana mtu aliye ng'ambo huona paa tu. Hajui kama ni la kigango au la ghala la mahindi.

Tulivyorudi

Juni 2024 tulirudi kitongojini kwa kazi ile ile, tukiwa na fundi yule yule. Kava lilibaki ofisini. Ramani tuliihifadhi siku moja kabla, na mahali pa kitongoji tulikuwa tumepaweka alama usiku ule wa kwanza, kwa wazo la katekista. Tulianza saa mbili asubuhi. Kwenye mkuyu tulisogea mbali na gari, tukazungusha namba nane, tukasubiri setelaiti kwa dakika nne hivi, kisha tukalinganisha vitu vitatu: mshale, alama kwenye ramani, na jua.

Tulilitumia jua kwa uangalifu. Katika nchi yetu huchomoza mashariki na kuzama magharibi likipotoka nyuzi zisizozidi 24, kuelekea kaskazini miezi ya katikati ya mwaka na kusini mwezi wa Desemba. Asubuhi na jioni linafaa sana kwa kuhakiki. Mchana halifai, kwani liko karibu na utosi, na mwezi wa Juni liko kaskazini yetu. Siku ile lilikuwa mgongoni mwetu, kulia kidogo, kama ilivyotakiwa kwa watu wanaokwenda magharibi mwezi huo. Kila baada ya nusu saa tulisimama tukalinganisha tena. Mara moja vilipishana, mshale ukiwa umehama nyuzi 15 hivi, nasi tukagundua kwamba fundi alikuwa amesogea karibu na sanduku lake la vyuma.

Tulifika saa tatu na nusu asubuhi. Fundi alichagua sehemu mbili kabla ya adhuhuri. Mzee wa asali alikuwa miongoni mwa waliotungoja, na baada ya salamu alitaka aonyeshwe ile simu. Aliishika, akajizungusha polepole mara mbili huku akiutazama mshale, kisha akauliza kama ingeweza kumwekea alama za mizinga yake, kwa kuwa ipo zaidi ya arobaini na macho yake hayaoni mbali kama zamani. Tulianza kuziweka siku ile ile.